Siku Kumi na Tisa za Kupima Klachi

Jopo la watahini lilipoikataa tasnifu yangu ya uzamili, lilifanya hivyo kwa adabu ya hali ya juu, ile adabu inayomfanya mtu ashukuru kabla hajaelewa ameambiwa nini. Niliulizwa swali moja tu lililonishinda. Tasnifu ilihusu upotevu wa maji katika mabomba ya mji wa Voi, na mtahini mmoja mpole alitaka kujua ni mabomba mangapi yanayovuja niliyoyaona kwa macho yangu. Nilikuwa na majedwali arobaini na moja. Bomba sikuwa nalo hata moja. Nilinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenzangu aliyesubiri nje alidhani tumeanza maombi.

Nilipewa nafasi ya pili, ambayo pia ni ya mwisho. Nilichotakiwa kufanya ni kuthibitisha kwa barua pepe, kabla ya saa sita mchana siku ya Jumatano, wiki tatu baadaye, kwamba Ijumaa yake nitafika chuoni Voi mbele ya jopo lilelile. Nilirudi Mwatate kwa mama yangu, mwalimu mstaafu wa hisabati, nikaanza kutothibitisha kwa bidii kubwa.

Kwa bahati njema, klachi ya pikapu iliharibika.

Pikapu hiyo kuukuu tuliachiwa na baba. Klachi yake haivutwi kwa waya. Husukumwa na mafuta. Ukikanyaga pedali, pampu ndogo iliyo nyuma yake husukuma mafuta ya breki kupitia mrija mwembamba hadi pampu nyingine iliyo ubavuni mwa giaboksi, na hiyo ndiyo huiachanisha injini na gia. Mafuta yakipungua, hewa huingia, pedali huzama hadi sakafuni bila upinzani wowote, na gia ya kwanza hulalamika kwa sauti inayowafikia majirani.

Mtu wa kawaida angetafuta mahali mafuta yanapovujia. Mimi nilinunua daftari. Kila asubuhi, kabla injini haijapata joto (maana joto hutanua mafuta, na sikutaka mtu yeyote adai kwamba vipimo vyangu vina kasoro), nilifungua boneti, nikapima kwa rula kina cha mafuta katika kikopo chake, nikaandika, kisha nikajazia kidogo. Nilifanya hivyo kwa siku kumi na tisa. Nilichora hata grafu, na mstari wake ulishuka kwa unyoofu ambao tasnifu yangu haikuwahi kuufikia. Chini ya gari palikuwa pakavu, kwa hiyo nilihitimisha, kwa tahadhari inayostahili, kwamba mafuta yalikuwa yakipotea bila kuvuja.

Jumanne mama alitaka nimpeleke Marungu kumjulia hali dada yake. Nilimweleza kwamba gari halifai na kwamba, kwa masikitiko makubwa, huenda hata Voi nisifike Ijumaa. Aliuliza kama matatu zimeacha kwenda Voi. Nilijibu kwamba suala la usafiri ni pana kuliko hivyo. Akaomba daftari. Aliikagua grafu kama alivyokagua kazi za wanafunzi wake, akakiri kwamba mihimili imeandikwa vizuri, kisha akafungua mlango wa dereva na kuinua zulia la miguuni.

"Hicho kiatu chako cha kushoto kilianza kuchujuka lini?"

Nilikitazama. Nilikuwa nimeshaona kwamba rangi inatoka, lakini lawama zote niliitupia biashara ya viatu. Chini ya zulia mafuta yalikuwa yametuama na kubabua rangi ya bati. Pampu ya nyuma ya pedali ilikuwa ikivujia ndani ya gari, juu ya mguu wangu, muda wote huo.

"Umeandika siku kumi na tisa," mama alisema, "hukuinama hata siku moja?"

Swali lilikuwa la jopo, ila mama hakuwa na adabu ya jopo.

Fundi alifika Jumatano asubuhi na raba mpya za pampu. Mama alikwisha kumsimulia habari za daftari, hivyo akaniita Daktari, cheo ambacho hakikumhitaji mtahini yeyote. Alichungulia mafuta yaliyobaki kikoponi, akauliza kama ni ya breki au ni chai. Ndipo nilipojua kwamba mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewani, na kwamba chupa niliyoiacha bila kifuniko kwa wiki tatu ilikuwa nayo imefanya utafiti wake.

Kutoa hewa kwenye mrija ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine, chini ya gari, hulegeza skrubu ndogo, huacha mafuta na hewa vitoke, huikaza, ndipo wa juu aachie. Niliuliza nikanyage kwa nguvu kiasi gani.

"Daktari, wewe kanyaga tu."

Nilikanyaga, nikawaza Ijumaa, nikaachia kabla skrubu haijakazwa. Hewa yote ikarudi. Mara ya tatu nilipofanya hivyo, mama alinishusha, akakalia kiti mwenyewe, akaniamuru niende chini nikaangalie. Nililala ubavuni mwa fundi, nikaona viputo vikitoka kimoja kimoja katika kimrija cha plastiki, vikapungua, vikaisha. Klachi ikapona kabisa. Kisingizio changu hakikupona.

Ilikuwa saa tano na nusu.

"Gari limekubali kwenda," mama alisema. "Wewe je?"

Nikamwambia ukweli: wataniuliza tena lile swali, nami nitanyamaza tena.

"Basi kesho nenda ukayaone hayo mabomba. Una siku nzima."

Niliandika barua pepe palepale, kwa vidole vyenye mafuta. Nitafika. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza isiyo na tanbihi kwa miaka miwili.

Alhamisi asubuhi nilipiga magoti kwenye tope la mtaa mmoja wa Voi, mbele ya bomba lililopasuka, nikilitazama. Mwanamke aliyekuwa akijaza madumu pale aliniuliza kama nimeangusha kitu. Nilimwambia natafuta mabomba yanayovuja.

"Hili ni la juzi," alisema. "Lile la zamani liko nyuma ya choo changu. Twende nikuonyeshe."