Maji Hayadondoki Pale Yalipoingilia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngazi, kopo la gudron, ile lami ya kuzibia mabati, na brashi, nikafikiri nimeshakuwa fundi. Nyumba ilikuwa Mulongwe, mtaa wa Uvira kando ya ziwa, ya familia moja ya wavuvi, na mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri. Tone lilikuwa linaanguka katikati ya kitanda cha wenye nyumba. Mimi, kwa bidii ya mtu mgeni, nikaegemeza ngazi ukutani na kuanza kupanda.

Mkubwa wetu tulimwita Kapita tu, kama walivyoitwa wasimamizi wote wa kazi wakati ule. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakupenda kurudia neno.

"Weye, unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kuziba tundu, Kapita."

"Iko wapi hiyo tundu?"

Nikanyoosha kidole juu ya kitanda. Akaniambia nishuke, akaniingiza ndani, akaniamuru nilale chali mahali palipolowa na kuangalia juu. Nikalala. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alisimama mlangoni akijizuia kucheka. Baada ya kitambo nikaona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nimesimama. Kwenye shevroni, zile mbao nyembamba zinazobeba mabati, kulikuwa na mstari mweusi wa unyevu. Ulianza mbali sana, karibu na ukuta wa sebule, ukatambaa kwenye mbao mpaka kwenye kifundo juu ya kitanda. Hapo ndipo maji yalipochoka na kuanguka.

"Maji hayadondoki pale yalipoingilia," Kapita akasema. "Ukipaka gudron juu ya kitanda, utakuwa umepaka tu. Kesho huyu mama atakuita muongo."

Nyinyi vijana mnaosoma haya mtaona ni jambo dogo. Lakini kazi yangu yote ya miaka iliyofuata ilisimama juu ya jambo hilo.

Mengine nilijifunza polepole. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, kwa sababu maji hupita bondeni. Chini ya kofia ya msumari hukaa rondeli, kiduara cha mpira kinachoziba tundu. Ukigonga kwa hasira kinapasuka, ukigonga kwa uvivu kinaacha nafasi. Fetieri, lile bati lililokunjwa linalofunika kichwa cha nyumba, lazima lishuke pande zote mbili vya kutosha, maana upepo wa ziwani husukuma mvua kupanda juu. Watu wa bara hawaamini mpaka waone.

Kutoka Uvira nilipelekwa Lemera, kwenye eneo la nyumba za wafanyakazi zilizokuwa zinajengwa mlimani. Kule gari halikufika. Tulibeba mabati kichwani kwenye njia za miguu, wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na kila kona ya mlima ilikuwa na upepo wake. Shefu wa shantie, msimamizi mkuu wa kazi, alikuwa mtu mrefu aliyevaa koti hata jua likiwaka. Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: upepo ukianza, kila mtu chini.

Siku moja tulibakiza bati la mwisho. Tukamwomba atuache tumalize, mawingu bado yako mbali. Akakataa. Tulikuwa tunashuka kwa kunung'unika wakati upepo uliponyanyua bati lile tulilokuwa hatujalifunga, ukalipeleka bondeni, nalo likapita kwenye shamba la ndizi na kukata migomba kama panga. Hakuna aliyenung'unika tena. Shefu aliiangalia ile migomba, akasema tu, "Ile ingekuwa shingo." Kisha akatuma mtu kwenda kuongea na mwenye shamba.

Mutarule, kwenye bonde la Ruzizi, nilifundishwa na jua. Mchana bati hujinyoosha kwa joto, mvua ya ghafla ikipiga hujikunja. Linafanya hivyo mwaka baada ya mwaka, likivuta misumari kidogo kidogo, mpaka tundu lililokuwa sawa linakuwa pana. Kwa hiyo nyumba ya bondeni inataka kuangaliwa hata kama haivuji. Niliwaambia wakulima wa kule: kagua paa kabla ya mvua, si wakati wa mvua. Walionisikia wanakaa pakavu mpaka leo.

Niliporudi Uvira nilikuwa nimeiva. Nasema hivyo bila haya. Watu walinitafuta kwa jina, na kazi ninayoikumbuka kuliko zote ilinijia wakati huo, Kavimvira, karibu na mpaka.

Aliyeniita alikuwa mbadilisha fedha, mtoto wa kwanza wa familia. Baba yao marehemu aliwaachia nyumba moja ndefu yenye milango miwili na paa moja. Yeye alikaa upande mmoja pamoja na mama yao mzee. Mdogo wake, mpitisha mizigo pale mpakani, alikaa upande wa pili. Ndani kulikuwa kunavuja kwa kaka. Kaka alisema mdogo ameharibu paa kwa kupanda ovyo. Mdogo alisema kaka hataki kutengeneza upande wake. Walikuwa hawasemezani. Mama alihamisha kitanda chake kila mvua, mpaka akakigandamiza kwenye ukuta wa katikati, mahali pekee palipobaki pakavu.

Kaka hakuniita nizibe. Aliniita nikate paa. Alitaka nilipasue juu ya ukuta wa katikati, kila mtu awe na lake.

Nikamwambia naweza, msumeno ninao. Lakini paa likikatwa pale, ukuta wa katikati utakunywa maji ya pande zote mbili, na anayelala chini yake ni mama yake. Nikamwomba anipe asubuhi moja kabla ya kukata, na anitafutie mtu wa kupanda juu na ndoo, mtu anayelijua paa lile. Akasema hayuko. Mama, aliyekuwa amekaa karibu, akasema yuko, akaenda mwenyewe kugonga mlango wa pili.

Hivyo mdogo akapanda juu na ndoo na kikombe. Kaka akabaki ndani, macho kwenye shevroni. Kupima paa kunataka watu wawili namna hiyo: wa juu anamwaga kidogo kidogo, akianzia chini karibu na ukingo na kupanda kuelekea fetieri; wa ndani anasema maji yanapoonekana. Mwanzoni kila mmoja alipitia kwangu. Mwambie amwage. Mwambie nimeshamwaga. Nikawaambia mvumo wa mabati unanizuia kusikia, waambiane wenyewe. Nikaenda kukaa na mama uani.

Kwa muda tulisikia maji tu. Kisha kaka akaita, "Bado." Maji tena. "Bado. Panda kidogo."

"Hapa?"

"Bado."

Walifika karibu na fetieri, upande wa mdogo, mbali kabisa na chumba cha kaka, wakati kaka aliposema, "Simama hapo. Iko inakuja." Niliingia kuona. Maji yalikuwa yanatembea kwenye shevroni, yakivuka juu ya ukuta wa katikati, kwa sababu nyumba ilikuwa imezama kidogo upande wa kaka. Mdogo akasema kutoka juu kwamba kuna tundu la kidole, limefunikwa na kutu.

Kaka akamwuliza mdogo wake, "Si ni pa ule mti wa antene ya Baba?"

"Ni hapo," mdogo akajibu. "Weye ndiye ulishikilia ngazi. Minye nilikuwa nalia nataka kupanda."

Baba yao ndiye aliyelitoboa bati, alipotaka kusikia redio vizuri. Antene ilianguka zamani, tundu likabaki. Hakuna mtoto wake aliyekuwa na kosa.

Sitasema walikumbatiana, hawakukumbatiana. Lakini kaka alipanda na misumari bila kuitwa, na nilipobadilisha bati lile walilishika pande mbili. Mama aliniambia, "Leo wamesema kuliko mwaka mzima." Msumeno wangu nilirudi nao haukugusa bati.

Sasa nimestaafu. Magoti ndiyo yaliyoamua. Nilidhani nitapumzika, lakini miaka hii ziwa limepanda. Mimi niliyeyajua maji ya juu nikaamka siku moja nikiyakuta yameingia kwa mlango wa nyuma, kimya, bila tone hata moja. Kwa maji ya namna hiyo sina ufundi. Tukahama kwenda juu ya barabara, miguuni pa mlima, na sehemu pekee ya nyumba niliyoweza kubeba ilikuwa paa lake. Vijana niliowafundisha wakalishusha bati kwa bati, mimi nikiwa chini nikielekeza.

Bati la zamani lina matundu ya zamani. Tuliyageuza mabati, tukayapanga ili matundu mengi yafunikwe na bati la juu yake, na yaliyobaki tukayaziba kwa vipande vya kitambaa vilivyolowa gudron ya moto. Kila tundu nililikagua kabla bati halijapanda.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, nzito, na majirani ambao nyumba zao zilikuwa bado hazijaezekwa wakakimbilia kwetu. Mke wangu, Mama Neema, aliwapangia viti na kuweka chai. Nilikaa pembeni nisikilize paa. Sikumbuki mengine.

Nilipofungua macho mvua ilikuwa imekatika na wageni walikuwa wanavaa viatu vyao mlangoni. Nikauliza imevuja wapi.

"Haikuvuja," Mama Neema akasema. "Tangu unioe, leo ndiyo mara ya kwanza nakuona umelala mvua ikinyesha."