Suti ya Mtu Aliyekaa

Fundi hakuwa na simile na watu wenye imani ya haraka, na wala hakuwaficha. Alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani dirishani, na mumewe kwenye kiti cha magurudumu kando ya meza ya kukatia, akishikiza vifungo na kumtania mkewe kutwa nzima. Mume alikuwa seremala wa mapaa. Paa moja lilimwangusha miaka tisa iliyopita, na tangu siku hiyo miguu yake haikutikisika tena.

Kila alfajiri, kabla ya chai, waliomba pamoja maneno yaleyale: Bwana, msimamishe, na kama si leo, tupe nguvu za leo. Mtu asidhani Fundi aliyasema kwa upole. Ziko asubuhi ambazo aliyatoa kwa meno yaliyoumana, akimkasirikia huyohuyo aliyekuwa akimwomba. Lakini aliyasema.

Sasa njoo kwenye kamati ya maombi ya kanisa lao. Mwaka wa kwanza walikuja kila juma, wakaomba, wakala, wakaitazama miguu. Miguu ilipogoma wakaanza kutazama saa. Mwaka juzi, katikati ya ibada, wanaume wanne walimwinua yule seremala kwa makwapa, wakaimba, kisha wakamwachia ili imani imshike. Hakushikwa na chochote. Alivunjika kifundo cha mkono, na daktari akaonya kwamba mgongo ule hautahimili anguko jingine. Kamati ikakaa kikao ikaona kwamba nyumba ile ina shaka. Yaani waliomwangusha ndio wenye imani, na aliyeanguka ndiye mwenye kasoro. Upuuzi wa kiwango hicho mtu haupati bila kuusomea.

Basi Jumanne moja akaingia Mwenyekiti wa kamati, mtu wa viatu vinavyong'aa na maombi marefu, na kitambaa cha suti kwapani.

"Dada Fundi, imani ni matendo. Mshonee shemeji suti ya kusimamia. Jumapili ni siku ya ushuhuda, na jina lake nimeshampa mchungaji."

"Yeye mwenyewe umemwuliza?"

"Unaona? Shaka hiyo."

Seremala alikuwa hatua mbili kutoka hapo, vifungo mkononi. Mwenyekiti hakumtupia hata jicho.

Fundi alitaka kumtoa mbio, yeye na kitambaa chake. Ila kanisa halikuwa la Mwenyekiti. Fundi alibatizwa pale, akaolewa pale, na hakuwa tayari kufukuzwa mbele za Mungu na mjinga mmoja. Akakipokea kitambaa.

Suruali ya mtu anayekaa kutwa haikatwi kama ya wengine. Kiuno cha nyuma hupandishwa ili mgongo usibaki wazi, cha mbele hushushwa ili kitambaa kisijikunje tumboni, na miguu hurefushwa ili pindo lisikimbilie magotini. Fundi alimpima mumewe palepale kitini, alivyokaa, akakata.

"Mke wangu, hii nikisimama nitachekesha watu."

"Mungu akikusimamisha, nacheka na wewe. Kwa haraka ya Mwenyekiti husimami."

Jumapili seremala alipendeza hadi wanakwaya wakageuza shingo. Fundi alifunga breki za kiti mwisho wa benchi, akakaa kando yake. Jina likatajwa. Mwenyekiti akaja na walewale wanne, bila aibu hata ya kubadilisha mmoja. Akaingiza mkono mgongoni mwa seremala ili amwinue, akakuta kiuno cha suruali kimepanda karibu na mbavu.

"Hii imekatwa ya kukaa," akasema kwa sauti ya kusikika na kanisa zima. "Dada, umemshonea kilema."

"Nimemshonea mume wangu."

"Mwinueni hivyohivyo."

Wale wanne wakasogea. Fundi akainuka, akajiweka kati yao na kiti.

"Mimi ndiye mwenye mwili, niulizeni mimi," seremala akasema. "Mikono yenu nilishaijaribu. Siitaki."

Mabenchi ya nyuma yakacheka. Mwenyekiti akavimba, mkono bado mgongoni mwa seremala. "Basi semeni wazi mbele ya kanisa kwamba mmekata tamaa."

Fundi alipiga goti mbele ya mumewe, akamfungua koti, akakibinua kiuno cha mbele ili kila aliye karibu aone. Ndani, kikiwa kimekunjwa na kushikizwa kwa mishono mirefu ya mkono, kilikuwepo kitambaa cha upana wa vidole vinne.

"Nilichokishusha sikukikata," akasema. "Nyuma na miguuni nitapunguza, mbele nitafumua. Mungu akimsimamisha leo, jioni hii suruali ni ya mtu anayetembea. Akimsimamisha baada ya miaka ishirini, kitambaa bado kitakuwepo. Wewe umeshindwa kungoja mpaka amina, Mwenyekiti. Toa mkono mgongoni mwa mume wangu, uende ukakae."