Kompyuta ya Kassimu na Sinia la Wazee

Enzi zetu, debe la maji ulilijaza pomoni, na hakuna aliyekuuliza kama debe lako lina ruhusa ya kujaa. Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililomkuta juzi Kassimu, rafiki yangu tangu utoto, ambaye sasa anaishi na bintiye Zaituni hapa Tabora mjini. Zaituni ana studio ya video za harusi. Kompyuta yake ilikuwa inakwama kama punda mkaidi, basi baba mtu akamnunulia memori mpya, giga kumi na sita. Zikapachikwa. Kompyuta ikawaka, ikakiri kuwa imeziona zote, kisha ikaandika kwa upole kwamba itatumia nane tu.

"Mbovu hizo," alisema Kassimu. "Zirudishe dukani."

"Si mbovu, baba. Tatizo ni toleo la mfumo wa kompyuta. Letu ni la nyumbani la kawaida, mwisho wake giga nane. Lile la nyumbani lililo bora linafika kumi na sita. La wataalamu linafika karibu mia mbili, tena linakubali prosesa mbili. Sisi tumeruhusiwa moja."

"Nani katuruhusu?"

"Waliotengeneza mfumo."

"Kwa hiyo nimenunua ng'ombe, naambiwa nikamue chuchu mbili, mbili nyingine niziangalie!"

"Mpaka ubadilishe toleo, baba."

Mimi nilikuwa nimeketi pale na kikombe cha kahawa, nikacheka mpaka nikaimwaga. Kassimu alinuna. Lakini katika waja wote wa Mwenyezi Mungu, yeye ndiye asiyehitaji kufundishwa mambo haya. Sisi tulilelewa kwa matoleo.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Kwihara. Asubuhi za kipupwe tulikula michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, yamechemshwa na karanga, kisha tukakimbilia chuo cha Kurani na mbao zetu zilizoandikwa kwa wino wa masizi. Masikio yalituuma kwa baridi, na fimbo ya mwalimu ikayapasha moto. Babu zetu wengi walikuwa wapagazi wa misafara iliyopita hapo kwetu kwenda pwani, na jioni walishindana kusimulia nani alibeba mzigo gani. Watu walisema Kassimu alirithi mabega ya babu yake na tumbo la msafara mzima.

Tumbo hilo ndilo lililokuwa na shida. Siku ya Maulidi pilau ilipakuliwa kwenye masinia, na masinia yalikuwa na daraja. La watoto lilikuwa wali mtupu, nyama ilipita karibu yake ikielekea kwingine. La wazee lilikuwa na minofu juu, inameta mafuta. Hukupangiwa sinia kwa ukubwa wa tumbo wala kwa urefu wa kimo. Mtoto aliyekwisha kuhitimu Juzuu Amma, zile sura fupi za mwisho wa Kurani, akaisoma yote kwa moyo mbele ya mwalimu, aliketi na wazee siku ile, ndiyo heshima yake. Asiyehitimu aligombania wali na sisi.

Kassimu alikuwa ameshaota ndevu mbili tatu, na bado alikuwa anakula na sisi wa kuota meno. Kila mwaka alikwama sura zilezile. Mwalimu alimwambia mbele ya watu, "Kassimu, tumbo lako limehitimu zamani. Tunakusubiri wewe."

Mwaka mmoja aliapa kwamba Maulidi haitamkuta tena kwenye sinia letu. Alisoma akichunga, alisoma akiteka maji, alisoma usingizini. Mbuzi wa kwao, naamini, walikaribia kuhitimu kabla yake. Siku ya kusikilizwa alisoma mpaka mwisho, na mwalimu akainuka kumkumbatia, ingawa mikono haikuzunguka.

Maulidi ilipofika, Kassimu hakutia kitu mdomoni tangu alfajiri. Alikuwa anaandaa nafasi. Alivaa kanzu ya baba yake, akaketi kwenye sinia la wazee, kando ya Mzee Shabani, mkubwa wa kijiji, ambaye hakuwa na jino hata moja. Sisi tulikuwa jamvi la pili, shingo zimetutoka kwa kutazama.

Ndipo alipogundua kwamba sinia kubwa nalo lina mipaka. Unakula mbele yako tu. Nyama huigusi mpaka mkubwa aimege. Tonge liwe dogo. Na mkubwa akinawa, wote mmenawa. Wazee wale walikula kama chiriku, matonge machache, "Alhamdulillahi," mkono mmoja ukatoka, wa pili ukatoka. Mlima wa pilau ulikuwa umesimama vilevile, na Kassimu alikuwa ndiyo kwanza anakunja mkono wa kanzu. Akatutazama sisi tunaojilia kwa fujo. Sijawahi kuona mtu aliyepandishwa cheo akiwa na uso ule.

Mzee Shabani naye alikuwa amemaliza. Alikwisha kulamba vidole, na mwenye birika alikuwa ameinama kumnawisha. Akamtazama Kassimu. Kisha akaurudisha mkono siniani, akaokota punje moja ya wali, akaitia mdomoni, akaanza kuitafuna kwa ufizi.

"Mzee, hujashiba?" akauliza mmoja.

"Nimeshiba."

"Sasa unatafuta nini humo?"

"Baraka. Hatukuambiwa iko punje ipi."

Akaokota nyingine. Wazee waliokwisha kushukuru wakabaki wameketi, magoti yanawauma, maana nani anyanyuke kabla ya mkubwa? Na Kassimu akala. Alikula mpaka maua yaliyochorwa chini ya sinia yakaonekana. Hapo ndipo Mzee Shabani alipoita birika.

Siku hizi Kassimu amelipia toleo bora, na giga zote kumi na sita zinafanya kazi. Zaituni ameshasema mwakani hazitatosha. Kwenye harusi anazozipiga picha kila mtu hupewa boksi lake la pilau lenye mfuniko, sawa na la jirani, na vijana hula kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Hakuna anayemsubiri mwenzake, na siwalaumu, maana hawana sinia la kuwafundisha. Kassimu mwenyewe ana sukari, nusu boksi linamtosha. Alhamdulillahi kwa kilichobaki.

Mipaka yetu ilikuwa mikali kuliko ya kompyuta, na hapakuwa na duka la kwenda kulipia iondolewe. Lakini pembeni yake alikuwepo mtu mzima aliyeshiba, anatafuna punje mojamoja, ili mtoto wa mwenzake asiondoke na njaa.