Mnong'onezaji wa Kelsey Bend

Tangu asubuhi ya Jumamosi ile, Orpha Fenske hakuweza kumeza hata kipande cha mkate. Mama yake akamsogezea sahani karibu.

"Wewe huigizi, mwanangu. Unashika kitabu tu nyuma ya pazia, uwanong'oneze wanaosahau maneno. Unaogopa nini?"

Aliogopa mkataba. Huko Kelsey Bend, Iowa, kila Mei walimu walisubiri saini ya mwenyekiti wa bodi ya shule, Bwana Tarbell, ambaye ndiye pia aliyeongoza chama cha maigizo. Orpha alikuwa amefundisha miaka kumi na mitatu, hana mume, na mama yake hakuwa na mwingine wa kumtunza. Mtu wa hali hiyo huzoea kufunga mdomo.

Lakini mkono wake ulikuwa umemponyoka. Aliandika mchezo, akautuma kwa posta kwa chama kile, akijiita Bwana J. Wick wa Des Moines. Ndani yake mke anashtakiwa kwa wizi kwa sababu amemrudisha zizini ng'ombe aliyetoka naye kwao, ambaye mumewe alimuuza bila hata kumuuliza. Wazee kumi na wawili wa mahakama, wanaume pekee kama ilivyokuwa sheria, wanabishana hadi wanamwachia huru. Tarbell aliupenda wote isipokuwa mwisho. Akachukua kalamu nyekundu: mke ana hatia, na apige magoti amwombe mumewe radhi.

"Huyu Wick ana kipaji," alisema, "ila hajaoa, maskini."

Waigizaji wakacheka. Orpha naye akacheka, kisha akajichukia wiki nzima.

Walicheza saa nane mchana, ili wakulima wawahi kukamua ng'ombe. Aliyeigiza kiongozi wa wale wazee alikuwa August Brodersen, muuza nyama, mtu mwema mwenye kichwa kama chekeche. Chochote alichonong'onezewa alikisema. Siku ya mazoezi Orpha alimnong'oneza fundi kwamba taa inafuka moshi, na Brodersen akasimama, kifua mbele, akaitangazia mahakama kwamba taa inafuka moshi.

Sasa hakimu akauliza, "Wazee, mmeamuaje?"

Brodersen akainuka. Maneno yakampotea. Akakohoa. Macho yake yakaja pembeni, kwenye pazia, yakiomba.

Orpha alitazama ule wino mwekundu kitabuni. Akafunga kitabu.

"Hana hatia," alinong'ona. "Na ng'ombe ni wake."

"Hana hatia!" akanguruma Brodersen. "Na ng'ombe ni wake!"

Viti vya nyuma, walikokaa wanawake wa mashambani, vikalipuka kwa makofi. Pazia likashuka, na Tarbell akaja mbio, uso umemwiva.

"Nani kampa maneno yale?"

"Mimi mwenyewe, bwana," Brodersen akawahi. "Kichwa changu hiki si unakijua?"

Tarbell akashusha pumzi. Kalamu ilikuwa mfukoni mwake, na mkataba ungesainiwa Jumatatu. Orpha alichotakiwa kufanya ni kutazama sakafu, kazi aliyoizoea.

Nje ya pazia walikuwa wameanza kupiga mbao kwa viatu, kama ilivyo desturi kwa mchezo mpya uliopendwa. "Mtunzi! Mtunzi atoke!"

"Nitawaambia Wick yuko Des Moines," Tarbell akasema.

"Hayupo Des Moines." Sauti ilimtoka Orpha nyembamba. "August hajakosea, nimempa mimi. Maneno yale ni yangu, na yote yaliyotangulia."

"Mwalimu, fikiri kabla hujaendelea."

"Nimefikiri miaka kumi na mitatu, Bwana Tarbell."

Akalisukuma pazia akatoka. Makofi na vishindo vikasita kwanza, kisha vikarudi kwa nguvu. Lakini yeye alimwona mtu mmoja tu, mama yake, safu ya tatu, aliyekwisha kuelewa kila kitu na kujiziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha mikono ile ikashuka taratibu, ikaanza nayo kupiga makofi.