Leteni na Kamba

Niliandika tangazo. Hilo ndilo kosa, na nalikiri mapema kabla hujaanza kunipenda. Nilikata ubavu wa katoni ya sabuni, nikachukua kipande cha makaa, nikaandika kwa herufi kubwa: DAKTARI WA NG'OMBE SASA ANADUNGA WATOTO. KILA JUMATANO, DISPENSARI. LETENI NA KAMBA. Asubuhi nikaitundika pale lori la maziwa linaposimama, mahali ambapo kila mama wa mtaa wetu hupita na mtungi wake.

Daktari wa ng'ombe alikuwa baba yangu.

Nijitetee kidogo. Ilikuwa likizo ya Aprili, nimemaliza muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, mvua inanyesha kila siku ya Mungu, na mimi nina kipaji ambacho shule haitoi cheti chake. Mwalimu wa zamu ananitambua kwa kicheko hata akiwa amenipa mgongo. Mtu kama huyo ukimwachia katoni tupu na makaa, unategemea nini?

Baba alikuwa nesi kabla sijazaliwa, kule Meru, katika hospitali kubwa. Babu alipofariki, baba akaja huku kwetu juu ya Kianjokoma kuangalia majani chai na ng'ombe kwa mwezi mmoja tu, mpaka ndugu zake wapatane. Ndugu hawakupatana. Mwezi huo ulichukua miaka kumi na tisa. Humo katikati akajifunza kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali zinazogandishwa mtungini. Akanunua pikipiki, akafunga mtungi nyuma, akawa anaitwa kila boma lenye ng'ombe aliyepata joto. Kazi hiyo ina glavu ya plastiki inayofika begani, na sitaeleza zaidi kwa sababu watu wengine wanasoma wakila. Lakini fikiria kuwa na baba wa namna hiyo ukiwa shule ya mchanganyiko.

Halafu, akiwa na miaka hamsini na moja, siku moja tukila githeri, akasema anarudi unesi.

"Unesi gani?" nikauliza. "Wa watu?"

"Wa watu."

Mimi nilicheka mpaka mahindi yakapitia puani. Mama hakucheka. Alimwongezea baba githeri, akasema, "Mimi niliolewa na nesi. Huyu wa fahali alikuja baadaye."

Basi akarudi kusoma Embu mjini, darasa moja na vijana waliokuwa wakimwita guka, yaani babu, na si kwa kumheshimu. Nyumbani alidunga parachichi kwa sindano ya maji kila jioni, na sisi tukala parachichi zenye maji mwezi mzima. Wakichuma majani chai, mama alikuwa mstari mmoja, baba mwingine, na maswali yanarushwa juu ya vichwa vya majirani.

"Surua!" mama anaita.

"Miezi tisa! Na mwaka mmoja na nusu!"

"Kifua kikuu!"

"Akizaliwa!"

"Mkono gani?"

Baba anatazama mikono yake yote miwili.

"Mkono gani, wewe mwanaume?"

"Wa kushoto!"

"Endelea kuchuma."

Akafaulu. Kilichobaki kilikuwa miezi mitatu ya kufanya kazi dispensari chini ya sista mkubwa, akiwa na kitabu ambacho sista alitakiwa kukisaini ukurasa kwa ukurasa. Vidonda, saini. Presha, saini. Akina mama wajawazito, saini. Ukurasa wa mwisho, usioguswa mpaka zingine zijae, ulitaka watoto thelathini aliowachanja kwa mkono wake mwenyewe. Kitabu kikijaa, nafasi ya nesi pale pale dispensari ilikuwa yake. Kisipojaa, anaanza miezi mitatu upya mwaka unaofuata. Kliniki ya watoto ni Jumatano pekee, na nilipotundika katoni yangu zilikuwa zimebaki Jumatano mbili.

Hayo ya ukurasa wa mwisho sikuyajua. Naapa. Niliyajua jioni ya Jumatano ya kwanza, baba aliporudi, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja kumkatia ng'ombe nyasi.

"Wangapi?" mama akamuuliza.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mmoja aliniuliza kama kamba aliyoleta inatosha."

Mama hakuelewa. Baba akamweleza habari za tangazo, kwamba kuna mjinga fulani aliyeliandika, na kwamba sasa linazungumzwa kanisani, kwa posho mill tunakosaga mahindi, kila mahali. Mimi nilikuwa nimeliondoa siku ile ile, watu walipoanza kucheka sana, lakini katoni unaweza kuichoma, maneno utayachomaje? Kisha baba akasema jambo ambalo sijawahi kumsikia akisema kuhusu chochote, hata kuhusu ndugu zake.

"Wakinirudisha nianze tena, sianzi. Nitabaki na fahali wangu."

Akalisema kwa sauti ya kawaida, akiendelea kukata nyasi. Afadhali angenipiga.

Jumatano iliyofuata nilimwambia mama naenda kutafuta nyasi za ng'ombe, nikashuka dispensari.

Nikueleze palivyo, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipofanyika. Kuna veranda yenye mabenchi. Kuna vyumba viwili, kila kimoja na dirisha linalotazama verandani, na nje ya kila mlango kuna meza ndogo. Mama akifika, anaweka kitabu cha kliniki cha mtoto wake juu ya meza ya nesi anayemtaka, kisha anakaa. Sista alikuwa amekataa kumlazimisha mama yeyote. Basi meza ya sista ilikuwa na rundo la vitabu lililoegemea ukuta lisianguke, na meza ya baba ilikuwa na meza tu.

Nikaona upara wa baba kupitia dirishani. Alikuwa amekaa wima amevaa koti jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mpaka linasimama lenyewe, na mbele yake kikombe cha chai alichokishika kwa mikono miwili. Hanywi. Anakishika tu.

Nikasimama mbele ya mabenchi. Akina mama kama hamsini, wote wananijua.

"Akina mama, hamjambo. Lile tangazo la kamba niliandika mimi."

Kicheko.

"Ni kweli! Ilikuwa mzaha. Baba yangu ni nesi. Yaani, ni kweli alikuwa wa ng'ombe, lakini kabla ya ng'ombe alikuwa nesi."

"Kabla ya ng'ombe nani alikuwa nesi?" mmoja akauliza. "Ng'ombe?"

"Ala, huyu ametumwa!"

"Baba yako amekuahidi nini? Suruali?"

"Keti chini, mtoto wa fahali, unatuletea baridi."

Maze, hapo ndipo nilipojua hasara ya kuchekesha watu miaka kumi. Siku moja unasema ukweli, na wanakupigia makofi. Nikaketi kwenye benchi la baba, lile tupu, ili angalau liwe na mtu.

Sijui ningekaa hapo mpaka lini kama hakungekuja mama mmoja kutoka Kiritiri. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la huko chini, mtoto amefungwa mgongoni, na alikuwa amekuja kwa dada yake siku mbili tu. Yeye hakuwa amesikia habari ya kamba wala ya tangazo. Akatazama lile rundo kwa sista, akatazama meza ya baba.

"Hapa hakuna watu?"

"Hiyo ni ya mwanaume," akaambiwa.

"Anadunga au hadungi?"

"Anadunga, lakini..."

"Mimi naondoka saa sita." Akaweka kitabu chake mezani kwa baba, pap, akaingia.

Veranda nzima ikanyamaza. Sasa, lazima ujue kwamba akina mama wa kwetu hawaulizani nani ni nesi mzuri. Wanasikiliza. Mtoto akidungwa, wanapima urefu wa kilio kupitia dirishani. Kwa sista kilio kilikuwa kikianzia kitini, kinatoka mlangoni, kinafika getini, na siku nyingine unakisikia kikipanda mlima mpaka kinapotelea kwenye majani chai. Sista ni mtu mwema, lakini ana haraka, na watoto wanajua.

Kwa baba tulisikia maongezi. Anauliza kama mvua imefika Kiritiri. Mama anasema imefika lakini imekuja kama mgeni asiyetaka kuketi. Anauliza mbuzi. Mbuzi wako sawa. Mtoto anaitwa kwa majina ya ajabu ajabu ambayo, nilivyosikiliza vizuri, ni yale anayowaita ndama wetu. Kisha, "Nyaa!" Moja. Kisha nyingine fupi zaidi. Kisha kimya, na baba bado anauliza habari za mbuzi.

Mama akatoka. Mtoto ana machozi mawili shavuni, lakini amegeuza shingo, anamtafuta mtu aliyeachwa chumbani.

"Amedungwa?" benchi likauliza.

"Amedungwa."

"Zote mbili?"

"Zote. Moja paja hili, moja hili." Akafunua, wakainuka kuangalia kana kwamba ni kitambaa dukani.

Ndipo cucu mmoja akainuka. Huyu cucu analea mjukuu wake kwa sababu binti yake anafanya kazi mjini, na hakuna mtu anayemjibu, hata chifu. Akatembea mpaka kwa meza ya sista, akavuta kitabu cha mjukuu kutoka chini ya rundo, vitabu vingine vikamwagika sakafuni. Hakuinama kuviokota.

"Nyinyi cheka tu," akasema. "Ng'ombe wangu mweusi mnamjua. Amevunja ndoo tatu, na shemeji yangu meno mawili. Huyu mwanaume amemshika mara mbili, na hakuinua hata kwato. Na ndama wote wawili majike!" Akamnyanyua mjukuu wake juu, akamgeuza upande huu na huu ili veranda yote imwone. "Sasa niambieni. Huyu wangu ana pembe?"

Walicheka. Lakini hiki kilikuwa kicheko kingine. Nina uzoefu wa vicheko, ninajua tofauti.

Cucu akaingia. Tukasikiliza. "Nya," basi.

Baada ya hapo sikumwona mtu akiamua. Niliona mikono. Mkono mmoja unaokota kitabu sakafuni na badala ya kukirudisha kwa sista unakiweka kwa baba. Mama mmoja ananong'ona, "Kijana, nisaidie changu, hicho chenye gamba la kijani." Mwingine hata hakunong'ona. Nikawa ninabeba vitabu kutoka meza moja kwenda nyingine kama karani. Sista akatoa kichwa mlangoni, akaona benchi lake limebaki na akina mama saba.

"Mnahama?"

"Hatuhami, sista, tunakupumzisha," cucu akamjibu.

Sista akacheka, akajimiminia chai, akaenda kusimama kwa baba na kalamu, kwa sababu kila mtoto alikuwa wa kuonwa na macho yake na kuandikwa. Mimi nilikuwa dirishani nikihesabu. Kumi na mbili. Kumi na tisa. Saa saba mvua ikanyesha na hakuna mama aliyeondoka. Ishirini na nane. Ishirini na tisa alikuwa mtoto mnene aliyejaribu kula koti. Wa thelathini hakulia kabisa, alipiga chafya. Na hawakuishia hapo, walifika thelathini na wanne, wanne wa mwisho sista akawaandika pembeni kwa sababu mistari ilikuwa imekwisha.

Sista akagonga muhuri. Tuliusikia mpaka nje. "Nesi," akamwambia baba, yeye ambaye miezi mitatu alikuwa akimwita mzee, "Jumatatu uje na kikombe chako."

Tulipanda nyumbani kwa miguu, baba mbele, mimi nyuma na nyasi nilizozikata haraka haraka ili uongo wangu uwe na ushahidi.

"Nilikusikia," akasema bila kugeuka.

"Ulinisikia wapi?"

"Kwani dirisha lile unafikiri ni la akina mama peke yao?"

Nikahamishia nyasi bega la pili.

"Hilo la kamba ulilitoa wapi?"

"Kichwani."

Alitembea hatua kama kumi. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikajua anacheka na hataki nione. Kisha akanieleza habari ya kikombe cha chai, ambayo nilikuwa nimeogopa kuuliza: kwamba huku kwetu juu asubuhi mikono ni baridi kama chuma, na ng'ombe harushi teke kwa sababu ya maumivu, anarusha kwa sababu ya baridi. Mtoto ni vile vile. Pasha mkono kwanza, mguse kando ya pale unapopataka, ongea na mwenye kumshika. Huko Meru, akiwa kijana, hakuyajua hayo. Alikuwa akidunga kama sista.

"Mama yako utamwambia mwenyewe," akamalizia. "Mimi kazi yangu leo nimemaliza."

Mama alikuwa akiosha mitungi. Baba hakusema neno, akamfungulia kitabu kwenye ukurasa wa mwisho. Mama akajipangusa mikono kwa leso, akasoma kila mstari, wote thelathini, kidole kikishuka polepole, mpaka kwenye muhuri. Akauweka mkono juu ya muhuri. Halafu akatupa kichwa nyuma akapiga vigelegele vitano, vile vya mtoto wa kiume akizaliwa, mpaka jirani akaja mbio na kijiko mkononi kuuliza nani amejifungua.

"Mimi!" mama akasema. "Nimezaa nesi!"

Jirani alipoondoka, nikamwambia. Yote: katoni, makaa, kamba, veranda. Nilisimama mbali kidogo, upande wa mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza mtungi wa maziwa chini juu ili ukauke. Kisha akasema, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Jumatatu baba yako anaingia kazini saa moja, na shule zinafunguliwa. Wewe utaamka saa kumi na moja ukamue badala yake, ndipo uende shule. Na ng'ombe akikurusha teke, usiniite mimi. Ita nesi."