Msusi wa Yeoville na Mti wa Maneno

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, saluni hii ya Yeoville, Johannesburg, bado haijajaa. Jocelyne, msusi wa miaka 33 kutoka Uvira, Kongo, anamaliza rasta za mteja, anajifuta mikono, kisha anavuta kompyuta kuukuu iliyokaa kando ya makopo ya mafuta ya nywele.

"Leo ikikwama tena, nitabaki na kusuka tu," anasema. Hakuna anayemwamini.

Programu aliyoitengeneza haina picha wala vitufe. Unaandika neno la Kiswahili kwenye dirisha jeusi, unapata maana yake kwa Kizulu na Kiingereza, bila intaneti. Ikifaulu leo, wakalimani wa kujitolea wa kanisa lake wataanza kuitumia kliniki Jumatatu.

Mwezi wa tano ilimwaibisha mbele yao. Jocelyne aliyapanga maneno kwa mfano wa mti: neno jipya likitangulia lililopo kwa alfabeti linakwenda kushoto, likifuata linakwenda kulia, ili utafutaji uwe wa haraka. Wakalimani, kwa wema wao, wakamletea maneno elfu mbili yaliyokwisha kupangwa kuanzia A. Kila neno likaangukia kulia. Mti ukawa kamba ndefu, programu ikaelemewa, ikazimika.

"Bamama walinipangia vizuri sana, kumbe ndiyo sumu yenyewe," anasema akicheka. "Eish! Niliona haya mpaka kanisani nikakaa nyuma."

Lakini huyu si mtu wa kufunga virago. Kwenye darasa la bure la kompyuta huko mtaa wa Bertrams alijifunza kuufanya mti ujisawazishe. Sasa kila neno likiingia, programu inapima pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, inayazungusha maneno mpaka mti ukae sawa. Kazi hiyo ilimla majira yote ya baridi ya mwaka huu wa 2017.

Denise, Mrundi anayewaongoza wakalimani, anaingia. Anasalimia, anaketi, anaandika: kifafa. Jibu linatokea papo hapo: isithuthwane, epilepsy.

"Sharp, dada!" anapiga makofi. "Jumatatu twende nayo."

Jocelyne anacheka huku machozi yakimtoka. Mwaka 2015 hakuwa na neno hilo la Kizulu, na mwanawe alikuwa mgonjwa.

"Nesi hakunielewa. Nikalala chini kliniki, nikatetemeka vile mtoto anatetemekaka. Watu wakacheka."

Jumatatu ameomba ruhusa kazini. Atakaa mwenyewe mapokezi ya kliniki na kompyuta yake.

"Mama akiingia na mtoto, aseme tu," anasema. "Atasikiwa akiwa amesimama."