Siku Nilipomtangaza Bi Rukia

Jamani, mambo haya nilishaapa kuyafukia, lakini kwa kuwa Chake Chake nzima inayajua, na Wete wanayajua, na nasikia hata Fundo, ng'ambo ya maji, watu wanayasimulia kwa kutia chumvi yao, bora niyaseme mwenyewe kama yalivyokuwa, aibu yangu niibebe kwa mikono yangu.

Mimi ni Faki, na kazi yangu ni gari la matangazo. Lile pikapu jeupe (zamani lilikuwa jeupe) lenye spika mbili juu ndilo langu. Chanjo ya mifugo, kukatika kwa maji, mkutano wa wazee wa skuli, mtu kafariki na atazikwa wapi saa ngapi, yote hayo hupita kwenye koo hili. Na sauti ninazo mbili: ya habari njema, ambayo huivuta juu, na ya msiba, ambayo huishusha polepole. Mke wangu, Mize, husema akiisikia hiyo ya pili, hata maneno hajayapata, mkono wake ushafika kwenye buibui.

Sasa lipo jambo ambalo wanaume wenzangu hawakulijua mpaka siku hiyo. Mimi ni mpenzi wa tamthilia. Si zote, ni moja tu, inaitwa Mlango wa Uani, na ndani yake nilikuwa namfuata mtu mmoja tu, yule mama aliyecheza Bi Rukia. Nilimjua tangu anaigiza kwenye redio, halafu nikawa namwona kwenye michezo ya wengine akicheza jirani, akicheza muuza mboga, mtu wa kuleta chai na kutoka, lakini hata hiyo chai alikuwa anaiweka mezani kwa namna ambayo wewe unayetazama unajua mara moja kuwa nyumba hii ina ugomvi. Mwisho wakampa Bi Rukia, mjane mwenye watoto wanne wasiopatana, akamcheza miaka tisa, na katika miaka tisa hiyo hakupaza sauti hata siku moja. Mwanawe anamtukana, yeye anakunja kanga. Mkwewe anamsingizia, yeye anachambua mchele, na ule mchele unakusemesha wewe uliyekaa Chake Chake. Mimi nakula kwa kupiga kelele, na yule mama alikuwa ananitoa machozi kwa kunyamaza. Mama yangu mzazi, mwaka wake wa mwisho, alikuwa hasemi tena sana, tukikaa pamoja kutazama, na Bi Rukia akiingia tu, mama alikuwa ananibinya mkono. Basi mtaelewa kwa nini sikuwa na akili siku ile.

Maana zilikuja habari kwamba yule mama anaondoka kwenye tamthilia. Amechoka, kasema mwenyewe kwenye mahojiano, anataka kupumzika na kufundisha vijana uigizaji, na kipande chake cha mwisho kitaoneshwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Nikamwambia Mize siku hiyo tuiheshimu kama harusi. Mize akapanga kukaanga katlesi, mimi nikasema nitaitoa tivii uani, majirani waje, tumuage kwa heshima yake.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa na tangazo la chanjo ya mbuzi na ng'ombe, natoka Machomane nateremka mpaka Wesha. Nikatangaza mbuzi wangu vizuri, lakini moyo haupo kwa mbuzi. Nilipofika penye maduka, kipaza sauti mkononi, watu wamesimama wananitazama, nikajisemea, kwani nikiongeza sentensi moja itamdhuru nani? (Hapo ndipo palipoanza yote, kwenye sentensi moja.) Mize alishaniambia siku nyingi kwamba kipaza sauti cha kazi si cha kuzungumzia mambo ya moyoni, lakini Mize hakuwepo.

Nikasema: "Na Bi Rukia anatuaga leo, saa kumi alasiri. Katutumikia miaka mingi, na hatutapata mwengine kama yeye. Atakayeweza kumuaga, asikose."

Niliisema mara tatu, sehemu tatu, na ya mwisho ilikuwa Wesha penyewe, karibu na bandari. Na kwa vile huzuni niliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, sauti iliteremka yenyewe, ikawa ile ya pili. Niliona wanawake wawili wanashika vichwa. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikasema kumbe na wao wanampenda.

Nikarudi nyumbani, nikazima simu nisije nikasumbuliwa kipindi kikiwa kinaendelea, nikala, nikalala kidogo. Saa tisa na nusu, tivii ishafika uani, waya nishauvuta, katlesi zimo kwenye sinia, na jirani hata mmoja hajatokea. Anayepiga hodi ni Khamis, fundi cherehani wa jirani, kavaa kanzu na kofia. Akanambia Bi Rukia wa Wesha, yule mkunga, kafariki, watu wote wako huko, na jeneza la msikiti wa kule limevunjika mguu, kwa hiyo lachukuliwa la kwetu, na je, gari yangu inaweza kulibeba?

Mimi nikakaa chini. Bi Rukia mkunga ndiye aliyenipokea mimi duniani, na wanangu watatu akawapokea yeye, na nusu ya watu mnaowaona wakitembea Chake hii walipita mikononi mwake. Nikasema innalillahi. Nikajisemea tena, tazama kazi ya Mungu, Bi Rukia wawili siku moja. Na wallahi, hapo hapo, na mdomo huu huu ulioyatangaza, haikunipitikia kichwani. Hata nilikereka kidogo kwamba msiba mkubwa kama huo wamempa mtu mwengine kuutangaza, halafu nikakumbuka kuwa simu nimeizima, nikawasamehe.

Nikavaa kanzu. Mize akatazama tivii, akanitazama mimi, akasema, "Nenda. Yule wa kwenye tivii ataelewa." Tukapakia jeneza, tukaenda.

Wesha watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Wanawake wamekaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani, wanaume wamesimama chini ya mnazi na kwenye kivuli cha paa, na nyumba ya marehemu imefungwa kwa kufuli. Hilo la kufuli kila mmoja alikuwa na lake la kulisema. Huyu anasema maiti iko hospitali, yule anasema alikwenda kwa mjukuu wake Kiuyu na ndiko yalikomkuta, wanamleta. Kaburi lishafika kiunoni. Mwanawe Massoud, mwenye duka la vipuri Wete, kapigiwa simu, kafunga duka, yuko njiani. Mimi nikasimama kando ya jeneza langu nikilia, na wanaume wakawa wananishika bega, na mmoja akanambia Mungu akulipe, Faki, umefanya kazi kubwa leo. Nikadhani anasema kuhusu gari.

Ikasimama gari ya abiria barabarani, akateremka mwanamke na pakacha la viazi vikuu. Mimi macho yamejaa maji, naona buibui tu. Akaja mpaka nilipo, akatua pakacha.

"Kafa nani?" akaniuliza.

"Bi Rukia," nikasema.

"Rukia yupi?"

"Rukia mkunga, bibi. Mwenye nyumba hii."

Akanisogelea. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Hebu ntazame, mwanangu, uniambie vizuri."

Nikafuta macho nikamtazama. Alikuwa Bi Rukia. Kavaa miwani yake, ufunguo wa kufuli uko mkononi.

Siwezi kusema nilianguka, ila najua nilijikuta nimekaa kwenye jeneza. Wanaume wa mbele wakarudi nyuma wakawakanyaga wa nyuma, na kule barazani mwanamke mmoja akaanza kusoma kwa sauti ayatul kursiy. Bi Rukia akawaambia watu amekwenda Kiuyu tangu jana kumwona kitukuu, amerudi, na anataka kujua nani aliyesema kafa.

Sheha wetu, ndiye serikali ya mtaa, alikuwepo, mtu mpole sana. Akauliza nani aliyetoa habari. Huyu akasema nimeambiwa na fulani, fulani akasema nimesikia penye maduka, na wa penye maduka akasema tumelisikia gari la matangazo. Basi. Vichwa vyote viligeuka kwa pamoja, kama watu waliofundishwa, vikanitazama mimi niliyekalia jeneza.

Nikajaribu kusema sikutangaza kifo. Sheha akaniomba niyarudie maneno yangu kama nilivyoyasema asubuhi. Nikayarudia, anatuaga leo, saa kumi alasiri, katutumikia miaka mingi, na kila neno nililolitoa nililisikia mwenyewe kwa masikio mapya, nikatamani lile kaburi la kiunoni wanipe mimi.

"Rukia gani huyo anayeaga?" Sheha akauliza.

"Wa kwenye tivii," nikasema.

Hapo hapo Massoud akafika, gari hajaizima, uso umelowa jasho na machozi. Alipomwona mama yake kasimama alimkumbatia akawa anatetemeka kama mtoto, na hapo ndipo aibu ilipoacha kunichekesha hata kidogo, kwa sababu mtu yule aliendesha gari kutoka Wete huku akilia, na lingemkuta la kumkuta, damu yake ingekuwa juu ya sentensi yangu. Alipoelezwa alinijia na ngumi. Mama yake akamshika mkono wa kanzu. "Mwache," akasema, "kwanza nataka kumjua huyo mwenzangu aliyemfanya ntu mzima alie hivi."

Basi nikaeleza, mbele ya watu wote wale, na Sheha, na wachimba kaburi waliokuja na makoleo yao kusikiliza. Nilieleza chai na mchele, kanga inayokunjwa, miaka tisa bila kupaza sauti. Nikaeleza mama yangu na mkono wake. Sikuwa na heshima yoyote iliyobaki ya kuilinda, kwa hiyo nilisema yote. Wengine walicheka, ndiyo, lakini si wote, na nilimwona mchimba kaburi mmoja anatikisa kichwa kama mtu anayemjua ninayemsema.

Bi Rukia akauliza kipindi chenyewe saa ngapi. Nikatazama saa, ilikuwa imekaribia kumi na moja. Kilikuwa kimekwisha. Miaka tisa sikukosa hata kipande kimoja, na nikakikosa cha mwisho kwa kumtangaza.

Sheha alinipa adhabu yangu palepale: nizunguke pale pale nilipozunguka asubuhi, nitangaze kwamba Bi Rukia mkunga yu hai. Kabla sijapanda garini akanishika pembeni akanambia, "Faki, sisi tukiisikia sauti yako tunaacha tulichoshika tunatoka. Ukiichezea, siku ya kweli hatutatoka, na maiti atakosa wa kumbeba." Neno hilo liliniuma kuliko ambavyo ngumi ya Massoud ingeniuma. Nikazunguka. "Bi Rukia mkunga yu hai, mzima wa afya, tangazo la asubuhi lilikuwa la mtu mwengine, naye pia yu hai." Watoto walikuwa wanakimbia nyuma ya gari wakiyaitikia.

Kesho yake baada ya adhuhuri, kwenye marudio ya kile kipindi, Bi Rukia alituita mimi na Mize nyumbani kwake. Kapika viazi vikuu vya nazi, kajaza wanawake sebuleni, mimi nikapewa kiti karibu na mlango kama mshitakiwa. Tukatazama. Yule mama hakufa kwenye mchezo wala hakugombana na mtu. Watoto wake wanne wamekaa mezani wanagombea nyumba, yeye akavua funguo kiunoni, akaziweka katikati yao, akanyoosha kitambaa cha meza kilichokunjamana, akatoka. Mkono tu ule, unavyokinyoosha kitambaa. Nikamwona Bi Rukia wa Wesha anavua miwani anaifuta, na baadaye akanambia, bila kunitazama, kwamba sasa kanielewa, ila si kwa spika.

Tangu siku hiyo kila tangazo naliandika kwenye karatasi, namsomea Mize, na lisilokuwamo kwenye karatasi halipiti kwenye kipaza sauti. Neno kuaga nimelifuta kabisa, shemeji yangu alipokwenda Maskati nikasema anasafiri na atarudi. Na yule mama nilimwandikia ujumbe kwenye ukurasa wake, mistari mitatu, kwa herufi ndogo, nikimshukuru kwa miaka tisa na kwa mama yangu. Hajajibu, wala simdai. Nimeusoma mara nyingi kuhakikisha hakuna mtu aliyekufa ndani yake.